Saa Bubu na Mtihani wa Kulala

Siku niliyostaafu mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru. Lakini aliyeichagua ama ana utani mwingi, ama hana habari, maana miaka yangu ya mwisho kazini niliimaliza nikifunga watoto mikononi saa ambazo hazisemi ni saa ngapi. Sasa ninayo inayosema, iko juu ya kabati, na sina mahali pa kukimbilia. Naitazama tu inavyojisumbua.

Mmeniomba niwaandikie ya kazini. Ya vyeo na mishahara sitaandika. Ya vyeo ni mafupi, na ya mishahara ni mafupi zaidi. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, na habari za mtoto mmoja wa Matinyani ambaye nusura atolewe shule kwa sababu ya picha nzuri. Nyinyi mnaobaki na zile saa mtaona wenyewe cha kuokota humo.

Nilianza upande wa Makueni, nikiwa mwembamba kuliko mizani niliyobeba. Kazi ilikuwa kupima watoto wachanga. Unatafuta tawi, unaning'iniza mizani, mtoto anavalishwa kisuruali cha kitambaa chenye kamba, anatundikwa pale akipiga mayowe, na wewe unasoma uzito huku mama yake anakutazama kama mwizi. Siku yangu ya kwanza, nje kidogo ya mji wa Wote, nilichagua tawi kwa kivuli chake. Muuguzi aliyekuwa mkubwa wetu, Sista Ndunge, alinisimamisha kabla sijapokea mtoto. Akaniambia nishike kamba nijitundike mwenyewe. Nilidhani ni mzaha. Nikashika, nikainua miguu, tawi likakatika, nikaketi chini mbele ya kina mama wote.

Hakucheka, ingawa wao walicheka mpaka watoto wakanyamaza. Alisema tu, "Kitu ambacho hujajaribu kwa mwili yako, usiweke mtoto ya mtu."

Huyo ndiye Sista Ndunge. Alikuwa na sauti ya kanisani na macho ya sokoni: anakusalimu kwa upole huku ameshaona kifungo chako kilichokatika. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, tukapima uzito, tukapima damu, tukagawa vyandarua, na mwishowe, wakati magoti yetu sote yalikuwa yameanza kulalamika, tukaingia kwenye mradi wa usingizi wa watoto.

Watu walitucheka. Jirani yangu aliniuliza kama sasa serikali imekosa cha kupima. Lakini swali lilikuwa la maana. Walimu walikuwa wakilalamika kwamba watoto wanasinzia darasani, na watafiti walitaka kujua watoto wa shule za msingi huku kwetu wanalala kiasi gani hasa. Zamani ilikuwa unamuuliza mama. Mama anajibu, "Analala vizuri." Anajuaje? Yeye mwenyewe wakati huo amelala, na ana haki yake.

Ndipo zikaja saa. Ni kidude cheusi, kidogo kuliko kiberiti, kwenye mkanda wa kufunga mkononi. Hakina mishale wala namba. Watoto walikipokea kwa furaha, wakakigeuza, wakatafuta pa kubonyeza, kisha nyuso zikaanguka. Mtoto mmoja wa shule ya kule Kiboko aliniambia, "Madam, hii saa yako ni bubu." Jina likashika, na mpaka leo mnaziita saa bubu bila kujua zilibatizwa na nani.

Saa bubu haijui usingizi. Hilo liwekeni kichwani kabla ya lingine lolote. Inachojua ni mkono umecheza au umetulia. Ukilala umekodoa macho darini bila kutikisika, itaandika kwamba umelala. Ukiichomeka kwenye kompyuta inatoa picha: mistari myeusi pale mkono ulipocheza, na weupe pale ulipotulia. Mchana wa mtoto mzima ni mweusi tititi. Usiku wake ni mweupe, wenye mistari michache ya kujigeuza.

Kwa amri ya Sista Ndunge tulizivaa sisi kwanza. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba mkanda wa mpira, kwenye joto la Kiboko, unatoa vipele. Tukaomba mikanda ya kitambaa. Hivyo pia ndivyo nilivyojua kwamba nasinzia ibadani, jambo ambalo picha ilionyesha wazi na mchungaji wangu hakuhitaji kuliona.

Makueni tulipata kisa cha mkono. Mama mmoja wa Wote alisimama kwenye mkutano wa wazazi akasema kidude hakigusi mkono wa kuume wa mtoto wake, maana Maandiko yanaeleza chapa ya mnyama itawekwa wapi. Ukumbi ukaitikia. Mimi nilikuwa nimefungua kinywa kubishana, Sista Ndunge akanikanyaga mguu. Akasema kwa sauti ile ya kanisani, "Mama amesema kweli. Ndio maana sisi tunaweka kushoto." Na ni kweli tulikuwa tunaweka kushoto, kwa sababu inatakiwa mkono asioandikia mtoto. Mkutano ukaisha kwa maombi. Kwa watoto wa mashoto, ambao mkono wao wa kuvaa ni wa kuume, ilibidi twende nyumba kwa nyumba, na huko ndiko nilikojifunza uvumilivu.

Kisha tukahamia upande wa Kitui, Matinyani. Hapo picha zikaanza kutoka nzuri kupita kiasi.

Niseme ukweli kuhusu sisi watu wa huku: tunapenda mtihani karibu kama tunavyopenda mvua. Mlete mgeni mwenye gari na kompyuta, akipima chochote, mzazi atauliza mtoto wake amekuwa namba ngapi. Tulieleza shuleni kwamba hakuna kupita wala kuanguka. Wazazi wakaitikia kwa heshima, wakaenda nyumbani, wakaanza maandalizi. Watoto walilazwa jua likiwa bado liko juu ya mihogo. Kisimani kina mama walikuwa wanaulizana, "Wako alipata ngapi?" Baba mmoja alinivuta kando akaniuliza kama kuna tuisheni. Nilimuuliza tuisheni ya nini. Akajibu, bila hata kutabasamu, "Ya kulala."

Katika watoto hao alikuwamo Mumo, msichana wa gredi ya nne. Mwembamba, mpole, mdomo wazi kidogo wakati wote. Nilidhani ni haya. Kila siku, kabla ya uji wa saa nne, alikuwa ameshaweka shavu kwenye dawati. Mwalimu wake ndiye aliyetuomba tumfunge saa, kwa sababu baba alikuwa ameanza kuchoka naye. Baba huyo, Mzee Kilonzo, ni mkulima wa ndengu na mzee wa kanisa, mtu mtaratibu ambaye hapigi mtoto wala hapigi kelele. Mumo ni kifungua mimba wake, na kwa desturi yetu alipewa jina la nyanya mzaa baba. Kwa hiyo Kilonzo humwita binti yake "Mwaitu", yaani mama, na humaanisha hivyo.

Picha ya Mumo ilitoka nyeupe kama shati la ubatizo. Usiku baada ya usiku, karibu hakuna mstari. Ilikuwa kawaida yetu kumwonyesha mzazi, nami nikamwonyesha Kilonzo pale kwake, kompyuta ikiwa juu ya kiti cha plastiki. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo Mwaitu analala mzuri?"

"Mkono wake unatulia vizuri, Mzee," nikasema.

"Basi si ugonjwa," akasema polepole. "Ni uvivu. Nilikuwa naombea mtoto mgonjwa, kumbe ni mvivu." Akaniambia ameshakata shauri. Shule zikifungwa, Mumo ataenda kwa shangazi yake mjini Emali, amsaidie hotelini. Kichwa ambacho hakishiki kitu hakuna haja ya kukisumbua. Mdogo wake atasoma kwa niaba ya wote wawili.

Mumo alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la kunde. Alisikia yote, na hakulia, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angelia. Nilirudi ofisini na moyo mzito, maana ile picha nilikuwa nimeileta mimi kwa mikono yangu, na sikuona kosa lake.

Nilimkuta Sista Ndunge akisafisha mikanda kwa spiriti. Hiyo kazi hakumwachia mtu yeyote. Sisi tulidhani ni usafi wa kiuguzi. Alichukua mmoja, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaunusa.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Mumo, wa Matinyani."

"Amevaa wiki mzima?"

"Wiki nzima, Sista."

"Na hakuna uji? Hakuna matope? Mtoto wa gredi foo?" Akautupa mezani. "Huu ulikuwa unalindwa. Saa safi ni saa ya uongo, mama. Rudi huko."

Akanipa saa iliyokufa, isiyo na betri, akanieleza la kufanya. Njia hiyo ndiyo mnayoitumia mpaka leo mnapoanza na saa tupu: mtoto anavaa iliyokufa mpaka aisahau, mpaka mkanda ushike ugali na udongo, ndipo unabadilisha kimyakimya unamwekea iliyo hai. Mnafuata bila kuuliza, na sasa mnajua ilitoka wapi.

Kilonzo hakufurahi kuniona. Aliketi nami kwa sababu ya adabu. Karibu naye, kwenye mkeka, alikuwa mama yake, yule Mumo mkubwa, ambaye nyumba nzima inamwita Susu, yaani nyanya. Alikuwa anasuka kiondo, katani imejaa mapajani, macho hayatazami vidole. Nilimweleza Kilonzo kwamba pengine saa haikuvaliwa kawaida. Kabla hajajibu, Susu akacheka.

"Haikuvaliwa aje? Mimi ndio nililinda hiyo saa. Mchana nilimwambia asiguse uji wala matope na hiyo mkono. Huyu analala na mimi. Kila jioni nilifunga mkono yake na leso hapa kwa mbavu, asitupetupe, aharibu saa ya watu. Tena aangushe maksi."

Tulitazamana, mimi na Kilonzo. Mkono uliofungwa kwa leso hauna pa kwenda. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nimeubeba huo ukimya kwenye kompyuta nikidhani ni usingizi.

Nikamwomba Susu, kwa heshima zote, aache leso. Nikamwambia maksi za kulala hazipo. Hakuamini hata kidogo, lakini alikubali. Kilonzo naye alikubali, akaongeza kwamba shangazi wa Emali ameshaambiwa, na shule zinafungwa mwisho wa mwezi. Nikamfunga Mumo saa iliyokufa. Nilipopita tena ilikuwa imeanza kufifia. Nilipopita mara ya pili ilikuwa na rangi ya mchuzi, na Mumo aliponisalimu hakuitazama kabisa. Nikabadilisha.

Picha iliyotoka safari hiyo niliiangalia nikiwa nimesimama, kisha nikaketi. Usiku wote ulikuwa umechanika. Mtoto alikuwa anatulia kidogo, anashtuka, anajigeuza, anatulia kidogo tena, mpaka asubuhi. Hakuwa amepata usingizi hata mmoja mrefu. Sista Ndunge aliitazama akasema, "Sasa huyo ndiye mtoto mwenyewe. Nenda uliza anayelala na yeye." Kuuliza si ujinga, na tulikuwa tumeuliza kila mtu isipokuwa huyo.

Nikarudi. Nikaketi mkekani badala ya kwenye kiti, maana kwa Susu kiti ni cha wageni wasiojulikana.

"Susu, Mumo akilala, anakoroma?"

Nyumba nzima ililipuka kwa kicheko. Hata mama Mumo, ambaye huwa hasemi mbele ya mkwewe, alitoka jikoni akifuta macho. Susu aliweka kiondo chini ili acheke vizuri.

"Anakoroma? Huyu? Kama trakta! Kama mimi! Tangu akiwa mdogo hivi. Ndio tukajua jina imeshika." Akajipiga kifua. "Watoto wengine wanapewa jina, jina inakaa juu juu. Huyu alichukua mpaka koo."

Hapo nikaelewa kwa nini hakuna aliyewahi kumpeleka hospitali. Kwao haukuwa ugonjwa. Ulikuwa urithi, tena wa kujivunia. Wageni wakija walisimuliwa. Kilonzo mwenyewe alitabasamu, mara ya kwanza kumwona akitabasamu. Na mimi ndiye niliyepaswa kuwaondolea furaha hiyo.

Nilieleza polepole. Nikasema mtoto anayekoroma hivyo, pengine njia ya hewa kooni imebanwa. Hewa inakatika, mwili unashtuka kuitafuta, anaamka nusu bila kujua, analala, inakatika tena. Asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala. Nikasema, "Huyu mtoto si mvivu. Huyu mtoto hajalala tangu azaliwe."

Kicheko kikaisha. Nilimtazama Kilonzo nikitarajia maswali, lakini aliyesema ni Susu, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mimi nilitolewa shule standadi tuu," akasema, akimaanisha darasa la pili. "Nilikuwa nalala klasi. Ticha alisema mimi ni gunia. Akaniita hivyo mbele ya wengine, gunia. Baba yangu akasema, basi gunia ikae nyumba, ichote maji." Aliokota kiondo, akakishika bila kusuka. "Na mimi niliamini. Miaka hii yote najua mimi ni mvivu. Nalima, nachota maji, nimelea watoto saba, na najua mimi ni mvivu."

Kilonzo aliinamisha kichwa kama mtu aliye kwenye maombi. Nadhani alikuwa anafikiria Emali.

Mwishowe akasema, "Mami, tutapeleka hiyo jambo kanisa kwanza, waombe."

"Waombe," Susu akasema. "Lakini waombe sisi tukiwa kwa gari. Na hiyo jina yangu Mumo achukue yote, mkono, sura, hata ukali. Hii ya koo aniachie."

Walikwenda Kitui mjini wiki hiyo hiyo, nami nikaenda nao. Daktari alimwambia Mumo afungue kinywa, akamulika tochi, akaniita nione. Mafindofindo yalikuwa yamevimba mpaka yanakaribia kugusana. Sijui mtoto alikuwa anameza vipi. Akasema yatolewe, pamoja na nyama zilizoota nyuma ya pua. Susu akauliza kama na yeye atatazamwa. Daktari akamtazama. Akamwambia kwa umri wake njia ni nyingine, akampa siku ya kurudi, na Susu akasema haina haraka, yeye ameshazoea.

Siku ya upasuaji nilikuwa kwenye benchi pamoja nao. Sijawahi kuogopa hivyo kazini. Saa nzuri, picha nzuri, maneno mazuri, na mwishowe ni mtoto wa mtu anasukumwa kupita mlango ambao wewe huruhusiwi kuingia. Kilonzo alishika viatu vya Mumo mapajani muda wote. Mumo alipotoka, salama, koo likimuuma, neno la kwanza alilomnong'oneza baba yake lilikuwa, "Emali ni lini?"

"Emali hakuna, Mwaitu," Kilonzo akasema. "Utarudi shule."

Nilimfunga saa kwa mara ya mwisho baada ya koo kupona. Mkanda ulirudi una gamu, wino, na kitu ambacho mpaka leo sijui ni nini. Sista Ndunge aliunusa akakunja uso kwa furaha. Picha ilikuwa na mchana mweusi tititi, na usiku mweupe wenye mistari michache ya kujigeuza, picha ya kawaida kabisa, na niliitazama mpaka chai ikapoa.

Miezi ilipita. Safari yangu ya mwisho nyanjani kabla ya kustaafu nilipanga mwenyewe ipitie Matinyani. Kilonzo alikuwa shambani, alinipungia mkono kutoka kwenye ndengu akapaza sauti, "Madam! Amepita?"

"Amelala, Mzee!" nikamjibu.

"Basi amepita!" Nikaacha kubishana. Mtu wa huku ukimwondolea mtihani umemwachia nini?

Nyumbani nilimkuta Mumo kwenye mkeka na kitabu cha shule, akimsomea Susu kwa sauti. Hasomi haraka. Anaweka kidole chini ya neno, analiangalia, analisema lote, anasonga mbele. Mdomo akiwa hasemi unafungwa. Susu alikuwa ameegemea ukuta, kiondo mapajani, anaitikia kila sentensi kama anayesikiliza mahubiri: "Ĩĩ. Ĩĩ." Niliketi kizingitini nisiwakatishe.

Kidogo kidogo maitikio yakawa mbali mbali, kidevu kikashuka, na trakta ikawaka. Ilinguruma, ikapanda, kisha ikakatika ghafla. Kimya. Hakuna pumzi.

Mumo hakushtuka. Aliweka jani la mti kwenye ukurasa, akamshika nyanya yake begani kwa mikono miwili, akamlaza ubavu taratibu, akamsogezea leso chini ya kichwa. Akasubiri mpaka pumzi ikarudi. Kisha akafungua kitabu pale alipoweka jani, akaendelea kumsomea.